Mawimbi ya mvutano wa uso yakigoma kwenye kompyuta: dalili, chanzo na tiba

Ubaya wa kuiga mawimbi madogo ya maji, yale yanayosukumwa na mvutano wa uso badala ya uzito wa maji, ni kwamba ukikosea huoni kama umekosea. Picha inapendeza, uso unapanda na kushuka, rangi zimekaa sawa. Kumbe wimbi linacheza kwa masafa yasiyo yake, au linakufa kabla ya wakati, au unachokitazama ni gridi inajichekea yenyewe. Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, maana saa nane za usiku mtu hana kingine mkononi zaidi ya dalili. Tafuta yako kisha fuata chanzo. Nachukulia kuwa unatumia VOF (kila seli hubeba namba ya sehemu ya ujazo wake iliyojaa maji) au leveli-seti (kila seli hubeba umbali wake kutoka usoni) kwenye gridi isiyosogea, yaani eneo lililogawanywa vyumba vidogo viitwavyo seli. Wanaotumia mbinu nyingine watakuta mengi yanawahusu pia.

Kabla ya yote, pata wimbi la kupimia

Uigaji wako mkubwa uweke kando. Jeti, filamu ya maji inayoteremka ukutani, tone linaloanguka, yote yasubiri. Tengeneza kisanduku chenye maji chini na hewa juu, na uso uliopinda kidogo kwa umbo la kosaini lenye urefu wa wimbi wa milimita 5. Anza bila mwendo wowote, kisha liachie licheze. Jibu lake linapatikana kwa kalamu na karatasi:

ω² = gk + σk³/ρ

Hapa ω ni masafa ya wimbi kwa radiani, g ni mchapuko wa uvutano wa dunia, na k ni 2π ugawanye kwa urefu wa wimbi, yaani 1257 kwa kila mita. Mvutano wa uso wa maji, σ, kwenye nyuzi 20 ni 0.0728 N/m, na densiti ρ ni 998. Hewa nimeiacha kwa kuwa ni nyepesi mno. Sehemu ya uzito inatoa takriban 12,300 na sehemu ya mvutano wa uso inatoa 145,000, kwa hiyo ω ni kama 396 kwa sekunde. Kipindi kinatoka milisekunde 16, na kasi ya wimbi mita 0.315 kwa sekunde. Uzito umechangia asilimia 8 tu, basi hili ni wimbi la mvutano wa uso kwelikweli.

Bado kufifia. Kwenye maji safi yenye kina, kimo cha wimbi hupungua kwa kiwango cha 2νk². Mnato ν wa maji ni 10⁻⁶ m²/s, hivyo kiwango ni 3.16 kwa sekunde: baada ya sekunde 0.32 kimo kimebaki asilimia 37 ya kile cha mwanzo. Huo ni muda wa vipindi 20 hivi.

Andika namba hizi mahali unapoziona: milisekunde 16, mita 0.315 kwa sekunde, vipindi 20. Nitazirudia mara nyingi. Ukitaka ulinganisho mkali zaidi, Prosperetti alitoa mwaka 1981 suluhisho kamili la wimbi dogo linaloanza bila mwendo, mnato ukiwemo, hata kwa viowevu viwili mradi ν zao zilingane. Ndilo ambalo karibu kila programu ya fani hii hupimwa nalo, na kuliandika ni kazi ya mchana mmoja.

Uso unaota meno, kisha uigaji unalipuka

Hii ndiyo dalili inayojulikana kuliko zote. Seli moja juu, inayofuata chini, inayofuata juu, kama meno ya msumeno. Hatua ishirini baadaye kasi imefika maelfu na programu imekata tamaa.

Mshukiwa wa kwanza ni hatua ya muda. Mawimbi ya mvutano wa uso yana tabia ya kinyume na mawimbi ya bahari: yakiwa mafupi ndivyo yanavyokimbia. Gridi yako haibebi tu wimbi la milimita 5 uliloliweka. Inabeba kila wimbi hadi lile fupi kuliko yote, lenye urefu wa seli mbili, na hilo ndilo linalokimbia kuliko yote. Hulitaki, hukuliweka, lakini lipo, na hatua ya muda lazima iweze kulifuata. Brackbill, Kothe na Zemach waliandika kikomo hicho mwaka 1992, ambapo Δt ni hatua ya muda, Δx ni upana wa seli, na ρ₁ na ρ₂ ni densiti za viowevu viwili:

Δt < √[(ρ₁ + ρ₂) Δx³ / (4πσ)]

Kwa maji na hewa, seli za milimita 0.1, kikomo ni mikrosekunde 33. Punguza seli kuwa nusu na kikomo kinashuka hadi mikrosekunde 12, kwa sababu ya ule mchemraba wa Δx. Katika vipimo vitatu hapo umeongeza seli mara 8 na hatua mara 2.8, kwa hiyo gharama imepanda karibu mara 23. Ndiyo maana watu wa fani hii huonekana wachoyo wa seli.

Mtego wenyewe uko hapa. Programu nyingi hujichagulia hatua ya muda kwa namba ya Courant, yaani seli ngapi mtiririko unavuka kwa hatua moja, na namba hiyo hupimwa kwa kasi ya mtiririko. Wimbi letu linaanza bila mwendo, kasi ni sifuri, basi programu inajiona iko huru kuchukua hatua kubwa kupindukia. Wewe umeandika Courant 0.2, umejifunga mkanda, unajiona salama, kumbe mkanda wenyewe haujafungwa popote. Fungua faili la mipangilio uweke kikomo cha juu cha Δt kwa mkono, au tafuta kama programu yako ina kipengele cha kikomo cha mvutano wa uso na uhakikishe kimewashwa.

Wapo wanaosema: nitaitatua kani ya mvutano kwa njia fiche (kwa thamani za mwisho wa hatua badala ya za mwanzo wake), kikomo kitaondoka. Mwaka 2015 Denner na van Wachem walionyesha kuwa kikomo hiki kinatokana na kushindwa kuyapiga picha za kutosha yale mawimbi mafupi, kwa hiyo kubadili njia ya kuingiza kani peke yake hakukupi ruhusa. Wengine huongeza mnato kidogo kwenye seli za usoni ili meno yafe. Inafanya kazi, ila mficha maradhi kifo humuumbua: rudi kwenye wimbi la kupimia uhesabu upya vile vipindi 20 uone umepoteza vingapi.

Ukipunguza Δt mara nne na meno yakaota vilevile, achana na hatua ya muda. Chanzo kiko kwenye mpindo, yaani namba inayosema uso umejikunja kiasi gani na ambayo kani ya mvutano huitegemea. Nauzungumzia sasa hivi.

Maji yametulia, lakini mikondo inazunguka

Weka tone la duara lenye nusu kipenyo cha milimita 1, bila uzito, bila mwendo. Halipaswi kufanya kitu. Ndani yake shinikizo linazidi la nje kwa 2σ/R, yaani paskali 146, au paskali 73 kama uigaji ni wa vipimo viwili. Endesha. Ukiona vimbunga vidogo vimejipanga kuzunguka tone, vinne au vinane, umekutana na mikondo ya uongo.

Si jambo la kupuuza kwa kuwa "ni midogo". Lafaurie na wenzake waliipima mwaka 1994 wakakuta ukubwa wake unakwenda na σ/μ (μ ni ν mara densiti), kwa mbinu yao takriban sehemu moja ya mia. Kwa maji σ/μ ni mita 73 kwa sekunde, hivyo mia yake ni mita 0.7 kwa sekunde. Linganisha na kasi ya wimbi letu, 0.315. Uongo una kasi mara mbili ya ukweli unaoutafuta.

Kuna vyanzo viwili, na vina tiba tofauti kabisa, kwa hiyo usianze kutibu kabla hujavitenganisha. Kipimo chake ni rahisi. Ingia kwenye programu, mahali mpindo unapokokotolewa, uandike thamani ya kweli moja kwa moja: 2/R kwa tone la vipimo vitatu, 1/R kwa vipimo viwili, namba ileile kila seli. Endesha tena.

Mikondo ikitoweka hadi kiwango cha makosa ya tarakimu za mwisho, kani na shinikizo vinasawazishana vizuri na mgonjwa ni mpindo. Ikibaki, mgonjwa ni usawa wenyewe: kinyumo cha shinikizo (badiliko lake kutoka seli hadi seli) na kani ya mvutano vinakokotolewa mahali tofauti au kwa kanuni tofauti, kimoja kwenye uso wa seli, kingine katikati yake kikasawazishwa baadaye. Lazima vyote viwili vikokotolewe kwenye uso uleule wa seli, kwa kutoa ileile ya jirani na jirani. Francois na wenzake waliliweka jambo hili wazi mwaka 2006, na mwaka 2009 Popinet alionyesha kwamba likifanywa hivyo pamoja na mpindo mzuri, tone linatulia kabisa. Kabla hujaandika upya programu, angalia pia kitatuzi cha shinikizo. Kama umekiruhusu kiishie kwenye mabaki (kosa lililosalia kwenye mlinganyo) ya 10⁻³ ili upate kasi ya kazi, hayo mabaki yanageuka kuwa mwendo. Kaza hadi 10⁻⁸ kwa jaribio hili uone kama mikondo inapungua.

Subira nayo inahitajika. Mwendo wa mwanzo hufa kwa mnato, na muda wake ni R²/ν: kwa tone letu ni sekunde nzima, yaani maelfu kwa maelfu ya hatua. Nimeona mtu akilaani mbinu nzuri kwa sababu aliipima baada ya milisekunde tano.

Sasa mpindo. Njia ya zamani huchukua sehemu ya ujazo, ile namba kati ya 0 na 1 inayosema seli ina maji kiasi gani, na kuikokotolea vinyumo mara mbili. Namba hiyo inaruka kutoka 0 hadi 1 ndani ya seli moja au mbili, na kuruka ni kitu kibaya kukitafutia vinyumo. Kinachoudhi zaidi ni kwamba kupunguza seli hakusaidii: mruko unabaki wa seli mbili hata seli ziwe ndogo namna gani, na kosa la mpindo halishuki. Kuilainisha namba kabla ya kuikokotoa hupunguza kelele, lakini pia hulainisha wimbi lako.

Dawa iliyozoeleka ni ya vimo vya safu. Kwenye kila safu ya seli inayokatisha uso, jumlisha sehemu za ujazo, mathalani seli 7 kwenda juu. Jumla hiyo ni kimo cha maji kwenye safu. Chukua safu tatu jirani, una vimo vitatu, mpindo unatoka hapo kwa hesabu ya shule. Usahihi ni wa daraja la pili, maana jumla ya safu haijali uso umekata seli ipi. Udhaifu wake ni pale uso unapopinda sana: nusu kipenyo cha mpindo kikiwa chini ya seli tano hivi, safu hazikamiliki na programu hulazimika kuangukia njia mbadala, kwa kawaida kupitisha parabola kwenye vipande vya uso. Meno yakiota kwenye ncha kali tu na kwingine kumetulia, tazama hapo.

Kwenye interFoam (kitatuzi cha VOF cha OpenFOAM) na jamaa zake, ambako uso hukazwa na kijenzi cha mbano, cAlpha, usidhani kukaza zaidi ni bora. Uso mwembamba sana kwenye njia ya vinyumo huongeza kelele ya mpindo.

Wimbi linakufa mapema

Hapa zile namba za mwanzo zinalipa. Tuseme umepima vilele vya wimbi la milimita 5 ukaona kimo kimeshuka hadi asilimia 37 baada ya vipindi vinne badala ya 20. Vipindi vinne ni milisekunde 63, kiwango cha kufifia ni 15.8 kwa sekunde. Kigawe kwa 2k², unapata mnato wa 5×10⁻⁶. Programu yako inadhani inaiga maji, lakini inaiga kiowevu chenye mnato mara tano. Namba hii moja ina manufaa kuliko picha mia, kwa sababu sasa unaweza kubadili kitu kimoja kimoja na kuona inashuka au haishuki.

Anza na njia ya kusafirisha mwendo. Ikiwa ni ya daraja la kwanza inayochukua thamani ya upande wa juu wa mkondo, mnato wa ziada umeutoa hapo, huna haja ya kutafuta mbali. Kisha njia ya muda: Euler fiche hula nishati ya mtetemo kila hatua. Kisha idadi ya seli kwa urefu wa wimbi. Chini ya 16 sitarajii kufifia kuwe sahihi. 32 hadi 64 ndipo mazungumzo yanapoanza. Halafu ulainishaji wowote wa sehemu ya ujazo, na kwa watumiaji wa leveli-seti, ile kazi ya kurudisha umbali sahihi kila baada ya hatua chache, ambayo husogeza uso kidogo kila inapopita. Mwisho ni mnato ndani ya seli zenye vyote viwili: wastani wa kawaida wa μ hufanya seli ya hewa yenye maji kidogo ibebe mnato wa maji.

Kuna kesi moja ambapo uigaji hauna hatia. Ukilinganisha na jaribio la maabara na ukakuta maji halisi ndiyo yanayofifia haraka, tazama usafi wa maji kwanza. Utando mwembamba wa mafuta au sabuni usoni, usioonekana kwa macho, huzuia uso kunyooka na kujikunja kwa uhuru na kufifisha mawimbi mafupi kwa nguvu.

Kipindi si chenyewe

Orodha ya makosa ni fupi na ya aibu. Kipindi kikiwa kifupi mara 30 hivi, mtu ameandika σ kama 72.8 akisahau kuwa jedwali lilikuwa la millinewton. Kipeuo cha pili cha 1000 ni 31.6, na sehemu ya uzito, ambayo haikubadilika, inakishusha kidogo. Kikiwa kirefu kwa asilimia nne hivi, tazama kina. Mlinganyo wa juu ni wa maji yenye kina, na kwa kina h upande wa kulia unazidishwa kwa tanh(kh). Kina cha nusu ya urefu wa wimbi kinatoa 0.996, hakuna shida. Robo ya urefu inatoa 0.917, na kipeuo chake kinakupotezea asilimia nne za masafa. Watu hupunguza sanduku ili kuokoa seli, kisha wanalaumu mpindo.

Kama jaribio lako lina viowevu viwili vyenye densiti zinazokaribiana, usikiache kile cha juu: kwenye sehemu ya mvutano gawanya kwa ρ₁ + ρ₂, na sehemu ya uzito izidishwe kwa (ρ₁ − ρ₂)/(ρ₁ + ρ₂). Na kama wimbi ni refu kwenda juu, mlinganyo wa mawimbi madogo haukuhusu tena. Mawimbi ya mvutano wa uso hupungua kasi kimo kinapoongezeka, kama Crapper alivyopata kwa hesabu kamili mwaka 1957.

Vijiwimbi vimejaa tangu hatua ya kwanza

Hii ilinila wiki mbili, kwa hiyo nitaieleza ilivyokuwa. Nilikuwa na wimbi letu hilihili, seli 50 kwa urefu wa wimbi, kimo cha mwanzo asilimia 1 ya urefu. Dakika ya kwanza tu uso ulitetemeka kote, vijiwimbi vya kila urefu vikagongana, wimbi kubwa likapotea humo ndani. Nikabadili njia ya mpindo. Nikabadili hatua ya muda. Nikabadili kitatuzi. Kila mara uso ulitetemeka kwa namna mpya kidogo, nikadhani nakaribia.

Siku ya kumi na nne nikafungua faili la hali ya mwanzo na kusoma namba zenyewe badala ya kutazama picha. Zilikuwa 0 na 1 tupu. Hakuna 0.37, hakuna 0.8, hakuna seli hata moja iliyojaa nusu. Nilikuwa nimeandika: kama kitovu cha seli kiko chini ya kosaini weka 1, la sivyo weka 0. Asilimia 1 ya seli 50 ni nusu seli. Wimbi langu zuri la kosaini lilikuwa limegeuka ngazi moja, kipandio kimoja cha seli nzima, na ngazi yenye kona kali ni mchanganyiko wa mawimbi ya kila urefu. Programu ilikuwa ikiiga kwa uaminifu kile nilichoipa.

Tiba ni kukokotoa sehemu ya ujazo kwa haki. Gawanya kila seli ya usoni vipande 20 kwa 20, hesabu vilivyo chini ya mstari, gawanya kwa 400. Bora zaidi, fanya hesabu ya eneo chini ya kosaini moja kwa moja. Na picha usiiamini, kwa sababu programu za kuchora hulainisha zenyewe bila kukuambia.

Mawimbi yanatoka ukutani, au kwenye mshono wa gridi

Ukutani ni pembe ya mguso. Wimbi lililosimama lenye ulinganifu linahitaji nyuzi 90. Programu ikiwa na thamani nyingine iliyoachwa na kazi ya jana, uso utajivuta kupanda au kushuka ukuta na kutuma wimbi ndani kila upande. Kwenye gridi zinazojigawa zenyewe, hakikisha uso wote na seli chache kila upande viko kwenye ngazi moja ya udogo. Mahali ngazi zinapobadilika katikati ya uso, mpindo unaruka, na mruko huo ni kipaza sauti. Kwenye mlango wa kutokea maji, mawimbi hurudi. Kumbuka kwamba nishati ya mawimbi haya husafiri kwa mara moja na nusu ya kasi ya vilele, hivyo marudio yatakufikia mapema kuliko ulivyokadiria kwa macho. Weka ukanda wa kufifisha wenye urefu wa mawimbi mawili au matatu.

Vijiwimbi mbele ya kizuizi, au mbele ya wimbi kubwa

Usiviguse. Hii ndiyo dalili ambayo watu "huitibu" na kuharibu uigaji mzima.

Mkondo wa maji ukipita kizuizi chembamba, uzi au fimbo, vijiwimbi vifupi husimama upande mkondo unakotoka. Inaonekana kinyume na akili, lakini ni kwa sababu ileile ya nishati kutangulia vilele. Mawimbi marefu ya uzito hufanya kinyume chake, hubaki nyuma ya kizuizi. Kwenye maji hakuna wimbi lenye kasi chini ya sentimita 23 kwa sekunde, kasi ambayo iko kwenye urefu wa sentimita 1.7, kwa hiyo mkondo wa polepole kuliko huo hauna vijiwimbi vya kusimama kabisa. Hali kadhalika filamu ya maji inayoteremka: mbele ya kila nundu kubwa hutangulia msururu wa vijiwimbi, na uigaji usio nao ndio wenye kasoro.

Namna ya kutofautisha vya kweli na vya uongo ni kupima urefu wake. Kijiwimbi kilichosimama lazima kasi yake ilingane na ya mkondo. Mkondo wa mita 0.315 kwa sekunde unadai vijiwimbi vya milimita 5 mbele, na mawimbi ya sentimita 5.9 hivi nyuma. Punguza seli kuwa nusu. Vikibaki milimita 5, ni vya maji. Vikiwa sasa milimita 2.5, ni vya gridi.

Jeti haikatiki

Swali la kwanza ni moja: je, uigaji ni wa vipimo viwili bapa? Jeti ya duara hukatika kwa sababu ya mpindo unaoizunguka, na kila usumbufu mrefu kuliko mzingo wake, 2πR, hukua. Unaokua haraka kuliko wote, kwa jeti isiyo na mnato, ni wa takriban 9R, kama Rayleigh alivyokokotoa. Katika vipimo viwili bapa jeti yako ni shuka, na shuka haina mpindo huo wa pili. Mvutano wa uso utainyoosha tu. Tumia ulinganifu wa mhimili, na hakikisha programu inaongeza mpindo wa pili, kwani zipo ambazo huusahau.

Hewa inakimbia kama risasi

Densiti za maji na hewa zinatofautiana zaidi ya mara 800. Kosa dogo la mwendo likivuka kutoka seli ya maji hadi ya hewa linageuka kasi kubwa. Ongeza densiti ya hewa hadi 10 kwa majaribio: kasi hizo zikitoweka na wimbi likabaki karibu vilevile, programu yako inasafirisha mwendo na ujazo kwa njia zisizokubaliana. Tafuta chaguo la kuvisafirisha kwa pamoja, jambo ambalo Rudman alilishughulikia mwaka 1998.

Nikipunguza seli mambo yanazidi kuharibika

Kwanza hatua ya muda: je, uliipunguza kwa nusu tu, wakati kikomo kinashuka mara 2.8? Pili, mpindo usioshuka kosa lake, nimeshausema. Tatu ni la hila. Vigezo vilivyoandikwa kwa idadi ya seli, kama upana wa kulainisha wa seli tatu, hubadili maana yake kila unapobadili gridi, kwa hiyo hulinganishi tena mfumo mmoja.

Na kama unachofuatilia ni wakati wa filamu kutoboka au uzi wa maji kukatika, fahamu kwamba kwenye VOF uzi hukatika unapofika unene wa seli, kwa amri ya gridi. Seli ndogo zitauchelewesha kila mara, bila mwisho. Pima badala yake unene wa uzi dhidi ya muda kabla haujafika seli nne au tano, na ulinganishe mikunjo hiyo kati ya gridi na gridi. Sehemu inayofuata baada ya hapo ikate kwenye grafu.